Umbali, Uchache wa Watu na Vipaumbele vya Ufadhili: Ushirikiano wa Kimaeneo katika Kaskazini ya Ulaya, 1995–2027

Ufini na Uswidi zilipojiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 1995, mkataba wa kujiunga kwao uliingiza kigezo kipya katika sera ya maendeleo ya maeneo. Hadi wakati huo, eneo lilihesabiwa kuwa nyuma hasa kwa kipimo cha pato: lile ambalo pato la mkazi lilikuwa chini ya asilimia 75 ya wastani wa jumuiya. Mkataba ulianzisha Lengo la 6, lililohusu maeneo yenye wakazi wasiozidi 8 kwa kilomita moja ya mraba. Mantiki yake ilikuwa wazi. Gharama za barabara, shule na zahanati hazipungui kwa kadiri ile ile wakazi wanavyopungua. Kwa hiyo uchache wa watu, hata pasipo ufukara, ulitambuliwa kuwa sababu halali ya kupata msaada.

Hata hivyo, Lengo la 6 liliishia kwenye mipaka ya nchi wanachama, ilhali mazingira ya kaskazini hayakufuata mipaka hiyo. Norwei ilikataa uanachama katika kura ya maoni ya Novemba 1994, na Grinlandi ilikwisha kujitoa katika jumuiya mwaka 1985. Pengo hilo lilizibwa na Programu ya Pembezoni mwa Kaskazini. Awamu yake ya kwanza ilizihusisha Ufini, Uswidi, Norwei na Uskoti katika miaka ya mwisho ya 1990. Baada ya mwaka 2000 ilipanuka hadi Aisilandi, Visiwa vya Faroe na Grinlandi. Washirika walio nje ya Umoja walichangia fedha zao wenyewe. Hivyo walikuwa na sauti katika uamuzi, si wapokeaji tu.

Vipaumbele navyo vilibadilika. Awamu ya 2007–2013 ilikuwa na viwili: ubunifu na ushindani katika maeneo ya mbali, na maendeleo endelevu ya maliasili na jamii. Awamu ya 2014–2020 ilikuwa na vinne: ubunifu, ujasiriamali, nishati jadidifu pamoja na matumizi bora ya nishati, na urithi wa asili na utamaduni. Mabadiliko haya hayakuchipuka kaskazini peke yake. Yalifuata Mkakati wa Lisbon wa mwaka 2000 na mkakati uliourithi, ambao uliweka ukuaji wa uchumi mbele. Kilichoanza kama fidia ya umbali kikawa uwekezaji katika ushindani.

Hapo ndipo penye mvutano. Mradi mkuu ulihitaji washirika watatu kutoka nchi tatu. Aidha, mshirika wa umma kutoka nchi mwanachama alipata hadi asilimia 65 ya gharama katika awamu ya 2014–2020, akalazimika kutafuta salio kwingine. Fedha zenyewe hulipwa baada ya matumizi kufanyika. Chuo kikuu chenye ofisi ya fedha humudu masharti hayo. Halmashauri ndogo ya wavuvi au ya wafugaji wa kulungu wa aktiki huyaona kuwa mlango mwembamba. Kipaumbele kikiandikwa kwa ajili ya jamii ndogo, masharti ya fedha yanaweza kuielekeza faida kwa taasisi kubwa.

Kujitoa kwa Uingereza mwaka 2020 kulidhihirisha udhaifu mwingine. Uskoti, mshirika tangu mwanzo, haimo katika awamu ya 2021–2027, ingawa umbali wa visiwa vyake haukupungua hata kidogo. Awamu hiyo ina vipaumbele vitatu: ubunifu kwa jamii imara, kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, na kuzijengea taasisi uwezo wa kushirikiana. Hicho cha tatu kina uzito wa kihistoria, kwa kuwa kinakiri kwamba uwezo wa kuomba fedha haujagawanywa sawa.

Historia hii inaonyesha kuwa orodha ya vipaumbele haitoshi kueleza sera. Kiwango cha mchango, muda wa malipo na idadi ya washirika huamua ni nani hasa anayefikiwa. Mpanga sera anayekusudia kuyahudumia maeneo ya mbali hana budi kuyapima masharti hayo kwa uwezo wa mshirika mdogo kuliko wote, kabla ya kuyapima kwa ule wa aliye mkubwa.