Mkoba wa Huduma ya Kwanza kwa Safari ya Kambi (Gisenyi)

Mkoba wa huduma ya kwanza ni ile akiba ya dawa, vitambaa na ala ndogo ndogo ambayo msafiri huifungasha ili amhifadhi majeruhi au mgonjwa katika muda ulio baina ya kupatwa kwake na kufikishwa kwake kwa tabibu; na madhali muda huo haulingani mahali na mahali, hauwezi kuwapo mkoba mmoja ufaao safari zote. Anayelala hemani kando ya ziwa mjini Gisenyi, karibu na hospitali ya wilaya, hahitaji hata nusu ya vile anavyovihitaji mwenzake aliyekwisha kutembea siku mbili kuelekea kusini kwa njia ya Kongo-Nili, ile njia ya kilomita 227 inayoanzia Rubavu na kuishia Rusizi, ikipanda na kushuka vilima vya migomba na kahawa ambako gari, mvua ikishanyesha, huenda lisifike kwa saa nyingi. Mwenye kufungasha huanza kwa kuhesabu masafa, ndipo aende duka la dawa.

Desturi ya kuviweka vitu hivi pamoja katika chombo kimoja haina umri mkubwa. Chama cha St John Ambulance kilianza kuwafundisha raia wa Uingereza huduma ya kwanza mwaka 1877; Friedrich von Esmarch, tabibu mpasuaji wa Kijerumani aliyekieneza kitambaa cha pembe tatu katika majeshi, alifungua mafunzo kama hayo kwao mwaka 1882; na mwaka 1888 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ikaanza kuuza masanduku yaliyokusudiwa wafanyakazi wa reli, ambao aghalabu waliumia mbali na mji wowote.

Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, umekaa kwenye pembe ya kaskazini ya ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, umepakana na Goma, mji wa Kongo, hata mitaa ya miji hiyo miwili ikakaribia kuwa mmoja, na Kiswahili husikika humo sokoni na mpakani mchana kutwa. Nyuma yake imesimama milima ya volkeno, na mrefu kuliko yote ya Rwanda ni Karisimbi, mita 4,507, ambao jina lake husemwa limetokana na neno la Kinyarwanda la kombe jeupe, lile ambalo sisi watu wa pwani twaliita simbi, kwa vile kilele chake huamka cheupe asubuhi za baridi. Basi mtu aweza kuondoka Gisenyi kwa kaptura na fulana, na usiku wa pili akalala katika kambi iliyo juu ya mita 3,500, akitetemeka ndani ya nguo zilizorowa.

Chombo chenyewe na kiwe cha turubai nzito au bati jepesi, kisichoingiza maji, kwani mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba hazina huruma na pamba wala bendeji. Msafiri asitegemee kuvizungushia vitu vyake mfuko wa nailoni, maana mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini Rwanda tangu mwaka 2008, naye avukaye kutoka Goma huweza kunyang'anywa pale pale mpakani. Ndani, kila kitu kikae mahali pake siku zote, kwa sababu mkoba hufunguliwa zaidi gizani kuliko mchana, na mkono ujue ulipo mkasi kabla tochi haijapatikana.

Sehemu kubwa ya mkoba ni ya majeraha, nayo ni sabuni, glavu, shashi safi, pamba, bendeji za kuviringa, plasta, dawa ya kusafishia ngozi, kibano cha kutolea miiba, pini na mkasi. Mawe meusi ya volkeno hukata kama chupa, na viatu vipya hutoa malengelenge kabla ya adhuhuri ya siku ya kwanza. Jeraha likitoka damu nyingi, lishikiliwe shashi kwa kiganja na kukandamizwa kwa nguvu dakika kumi kamili. Asiyezoea hufunua kila mara kutazama kama damu imekoma, na kila afunuapo huing'oa ile iliyoanza kuganda, akarudi alikoanzia. Shashi ikirowa, aongeze nyingine juu yake bila kuiondoa ya chini. Damu ikiisha kutulia, jeraha dogo lisafishwe kwa maji safi na sabuni kisha lifunikwe. Lililo pana au lenye kina libaki chini ya bendeji hadi lifike kwa tabibu. Ama pepopunda, kinga yake ni sindano, nayo hudungwa kabla ya safari.

Kitambaa cha pembe tatu kinastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hakuna kitu chepesi chenye kazi nyingi kama hicho, na aliyekisahau hununua kitenge sokoni Gisenyi akakikata mraba, kisha mraba ule akaukata kutoka pembe hadi pembe. Mkono uliovunjika hukunjwa kifuani, kitambaa kikapitishwa chini yake, ncha moja ikapanda juu ya bega zima na ya pili juu ya bega la upande ulioumia, zikafungwa kando ya shingo, wala fundo lisikae juu ya uti wa mgongo ambako litamchoma mgonjwa njia nzima.

Aliyeungua kwa uji au kwa imbabura, lile jiko la makaa la Kinyarwanda, amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Samli na dawa ya meno vibaki vilipo. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifyonzwe, wala asifungwe kamba ya kukaza. Alazwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali. Lile jiwe jeusi la mfupa uliochomwa, ambalo wengi katika Kongo na Rwanda huliamini, halitoi sumu mwilini, na muda linaopoteza ni muda wa mgonjwa.

Maradhi ya tumbo katika nchi hii hayatajwi kwa wepesi. Julai 1994, watu wapatao milioni moja walipovuka kutoka Gisenyi kuingia Goma katika siku chache, kipindupindu na kuhara viliwaua wakimbizi wanaokadiriwa kufika 50,000 katika mwezi mmoja, na wengi wao wangaliweza kupona kwa maji safi yenye chumvi na sukari ya kiasi. Kwa hiyo pakiti za chumvi hizo zisikose, kila moja gramu 20.5 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Nazo zikiisha, lita ile hutiwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, mgonjwa akanyweshwa kidogo kidogo, hata akitapika. Homa ya malaria ni kazi ya kituo cha afya, ambako damu hupimwa. Mkoba hubeba parasetamoli tu, na chandarua hubebwa kando. Na anayeumwa kichwa na kutapika katika mwinuko wa Karisimbi asipande tena. Kichwa kisipotulia au akianza kuyumba, ashushwe usiku ule ule.

Lipo hata hivyo jambo ambalo mkoba hauna dawa yake, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Katika nchi ya volkeno inayozunguka Goma na Gisenyi, hewa ya kaboni daioksidi hupanda kutoka nyufa za ardhi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hutuama mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Wenyeji huiita mazuku, na sikio la mtu wa pwani husikia humo jina la mzuka. Haina rangi, wala pua haiitambui. Huua mbuzi, mbwa na watoto kwa kuwa pumzi zao zi karibu na ardhi, na aliyelala hemani pumzi yake i chini kuliko zote. Hema na lipigwe mahali palipoinuka penye upepo, baada ya kuwauliza wakazi, na bonde lenye wadudu na ndege waliokufa liepukwe. Moto unaozimika wenyewe ni ishara ya kuondoka, lakini moto unaowaka si dhamana ya usalama. Mtu akianguka bondeni, mwenzake asimfuate, kwa maana wengi wamekufa juu ya waliotaka kuwaokoa. Avutwe kwa kamba kutoka juu ikiwezekana, na msaada uitwe. Sumu ya jamaa yake huletwa na watu wenyewe, waingizapo imbabura hemani kuota moto na kufunga mlango.

Vivyo hivyo kingo za mto Sebeya, upitao Rubavu, si za kulalia majira ya mvua: usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini, na Rubavu ikawa miongoni mwa wilaya zilizopigwa sana.

Kitu cha mwisho kuingia mkobani ni karatasi na penseli. Juu yake huandikwa 912, namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda, pamoja na namba ya mjumbe wa afya wa kijiji cha karibu, ambaye ajua kituo kilipo na vijana wa kuitwa; kisha jina la kila msafiri, dawa anazotumia na zile zinazomdhuru. Ajali ikitokea, huongezwa saa ilipotokea, na kila kidonge kilichotolewa na saa yake. Pasipofika gari, mgonjwa hulazwa juu ya ingobyi, machela ya kusukwa ya vijiji vya Rwanda, akapandishwa kilima mabegani mwa watu wanaopokezana, na karatasi ile hubanwa kwa pini kifuani pake, juu ya blanketi, ambapo mwuguzi ataiona kabla hajauliza neno.