Ruzuku ya Mkulima: Historia Yake Fupi

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu yafaa tutazame nyuma zaidi ya umri wetu, tupate kujua habari za fedha itajwayo kila msimu wa kulima, yaani ruzuku. Ruzuku ni sehemu ya gharama ambayo Serikali humlipia mkulima. Hutoka katika kodi ya watu wote, akiwamo mkaazi wa Magomeni anunuaye sembe dukani.

Mwaka 1972 kiwanda cha mbolea kilianza kazi Tanga, na katika miaka ile mbolea ikauzwa kwa wakulima kwa bei iliyopunguzwa. Kisha Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Songea au Sumbawanga alilipwa sawa na yule aliye karibu na Dar es Salaam, na gharama ya lori ikabebwa na umma. Hiyo nayo ilikuwa ruzuku, ijapokuwa mkulima hakuijua kwa jina hilo.

Lakini Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikatwaliwa na mashirika ya mazao. Tangu hapo mkulima alipokea pembejeo kutoka kwa watu asiowachagua, na hesabu zikafungwa mbali naye. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, lakini madeni ya mashirika yalikwisha kuwa makubwa. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, na wenyeji wa mjini wakaonja uchungu wake. Ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua tangu mwanzo wa miaka ya 1990, hata ikakoma msimu wa 1994/95. Wakulima wengi waliozoea kutia mbolea wakapunguza au wakaacha kabisa.

Msimu wa 2003/04 Serikali ilianza tena kwa kuchangia gharama za kusafirisha mbolea. Bei za dunia zilipopanda, vocha zikaanza kutolewa msimu wa 2008/09. Kaya iliyochaguliwa ilipata mbolea na mbegu za kutosha ekari moja, nayo ikilipa nusu ya bei. Wateule walichaguliwa na kamati ya kijiji yenye wajumbe sita, wanawake watatu na wanaume watatu. Huo ulikuwa mpango mwema, kwa kuwa majirani hujuana. Hata hivyo, katika baadhi ya vijiji wasioweza kulipa nusu yao waliuza vocha kwa bei ya kutupa, na wengine walitia sahihi kwa mbolea wasiyoipokea. Mpango huo ulimalizika baada ya msimu wa 2013/14.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopaa tena, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya Agosti 8, Siku ya Wakulima, huko Mbeya. Safari hii kila mkulima alitakiwa kujiandikisha kwanza, naye akapewa namba yake ya kununulia.

Ndugu zangu, tukiyapima haya yote tutaona kwamba ruzuku imekuja na kuondoka zaidi ya mara moja, na kila ilipopotea njiani kulikuwa na daftari ambalo mkulima hakuliona. Kwa hiyo kazi yetu ni mbili. Kwanza, orodha ya waandikishwa isomwe kwa sauti katika mkutano wa chama cha msingi, mwenye shaka aulize mbele ya wote, na viongozi wajibu bila kukasirika. Pili, wakati wa mauzo kila mmoja aweke akiba ya pembejeo, kwa maana hata mwenye vocha alishindwa alipokosa nusu yake.

Ruzuku ni mvua, na mwenye busara hukinga maji inaponyesha. Ikikatika tena, asije mwanachama wetu akakosa mbegu shamba likiwa tayari.