Saa Mezani

Kwa miaka mingi nilingoja moyo utulie ndipo niandike. Haukutulia. Kisha nikasoma habari za Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa Posta. Saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, kabla ya kwenda kazini. Aliacha riwaya 47. Siri hiyo ilipotoka katika tawasifu yake mwaka 1883, naye keshakufa, wako waliomdharau. Mwenyewe alijifananisha na fundi viatu. Basi nami nimeweka saa mezani. Robo ya kwanza huwa nzito. Ya pili hujiendea. Kumbe fundi viatu hangoji moyo. Hushika sindano, moyo ukamfuata.