Zawadi ya Mwadui na mikono iliyoitengeneza

Oktoba 1947, katika mgodi wa almasi wa Mwadui mkoani Shinyanga, lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu, kwa hiyo jiwe lote halikufika hata gramu 11. Mwenye mgodi, mwanajiolojia Mkanada John Thorburn Williamson, hakulipeleka sokoni. Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alikuwa anaolewa tarehe 20 Novemba mwaka huohuo, na Williamson akamtunuku jiwe hilo kuwa zawadi ya harusi, likiwa bado ghafi.

Williamson alikuwa ameupata mwamba mama wa Mwadui mwaka 1940, baada ya miaka ya kuzunguka Usukuma akitafuta chimbuko la almasi zilizookotwa huku na kule. Masimulizi ya Shinyanga huweka tukio hilo chini ya mbuyu. Mbuyu uwe kweli au nakshi ya wasimulizi, mwamba wenyewe hauna ubishi: unaenea kwenye hekta 146 hivi, na ni miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya aina yake iliyowahi kuchimbwa duniani. Kwa msaada wa wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, Williamson aliushikilia mgodi huo mkononi mwake mpaka alipofariki Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50. Warithi wake wakauuza kwa De Beers na serikali ya Tanganyika.

Turudi kwenye jiwe. Lilikatwa London mwaka 1948 na mafundi wa Briefel na Lemer, na mwezi Machi bibi harusi mwenyewe alikwenda karakana pamoja na bibi yake, Malkia Mary, kutazama kazi. Walichokiona si kazi ya haraka. Almasi hung'arishwa kwa almasi tu, maana hakuna kingine kinachoiweza. Fundi husaga unga wa almasi, akauchanganya na mafuta, akaupaka kwenye gurudumu la chuma linalozunguka kwa kasi, kisha akaligandamiza jiwe juu yake upande mmoja baada ya mwingine. Kila baada ya muda hulinyanyua na kulichungulia kwa lenzi. Akikosea mwelekeo wa chembe zake, jiwe haliliki. Akilazimisha, linaweza kupasuka. Karati 54.5 ziliingia, zikatoka karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondoka ili iliyobaki iweze kurudisha mwanga.

Uwaridi wake nao una asili yake. Almasi hiyo haikupakwa rangi na madini mengine. Ilikandamizwa kwa nguvu kubwa ardhini hata mpangilio wa chembe zake ukapinda, na upindaji huo ndio unaobadili namna mwanga unavyopita ndani yake.

Mwaka 1953 kampuni ya Cartier ililiweka jiwe hilo katikati ya ua, kwenye bruchi iliyosanifiwa na Frederick Mew. Petali tano, shina na majani yake vyote vikapambwa kwa almasi nyeupe. Elizabeth, ambaye sasa alikuwa Malkia, aliivaa kifuani mara nyingi, ikiwemo siku ya harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Mkataji anajulikana, msanifu anajulikana, aliyelivaa anajulikana. Wachimbaji wa Kisukuma na Kinyamwezi waliochimba na kuchekecha kifusi cha Mwadui hawatajwi katika maelezo ya pambo hilo, na hilo linaniuma, kwa sababu bila macho yao Cartier isingekuwa na ua la kutengeneza.

Tena watu wa nchi hii hawakuwa wageni wa kidani. Zamani sana kabla ya almasi, watemi wa Unyamwezi na Usukuma walivaa kilungu shingoni. Ni kisahani cheupe kilichotokana na kombe la baharini lenye umbo la pia. Kombe lilikatwa upande wake mpana, kile kipande kikasuguliwa mpaka kikawa bapa na laini, mistari ya mzunguko wa kombe ikionekana juu yake, kisha kikatobolewa na kutiwa uzi. Misafara ya biashara ilikibeba kutoka Bahari ya Hindi kwa miezi mingi ya miguu, na thamani yake ilipanda kadiri kilivyoiacha pwani. David Livingstone, alipokuwa kwa Walunda mwaka 1854, aliandika kuwa makombe matano ya namna hiyo yalikuwa bei nzuri ya pembe nzima ya ndovu. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Anayetaka kujua watemi walivyojipamba na aende Makumbusho ya Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, yaliyoasisiwa na Padri David Clement.

Kwa hiyo ufundi wa kugeuza kitu kigumu kuwa pambo la heshima ulikuwepo. Kilichokuja kukatika ni kiungo kati ya shimo na karakana. Baada ya uhuru taifa lilijaribu kukiunga, likajenga kiwanda cha kukata almasi, Tancut, lakini kikawekwa Iringa, mbali na Mwadui, na baadaye kikafungwa. Almasi zikaendelea kuondoka ghafi. Mwaka 2017, serikali ilipokamata shehena ya Mwadui katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, zilihesabiwa karati zaidi ya 71,000 zilizokuwa njiani kwenda nje, na mzozo mkubwa ukawa juu ya thamani yake halisi.

Upande wa dhahabu kuna hatua zinazoonekana. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mchimbaji mdogo anayetoka duarani, yaani shimoni, akapitisha mawe kwenye karasha na kuyaosha mwaloni, ana mahali pa wazi pa kupimiwa. Juni 2021 Mwanza ikapata kiwanda cha kusafisha dhahabu. Sonara wa Kanda ya Ziwa anaweza kuiyeyusha dhahabu hiyo, akaichanganya na shaba na fedha ili isiwe laini mno, akaivuta kuwa waya na kuifunga kidani cha bibi harusi.

Kwa upande wa mawe, Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha kinafundisha vijana kukata na kung'arisha vito. Darasa kama hilo nalitaka Kishapu, jirani na Maganzo, ambako wachimbaji wadogo wanapata punje za almasi ambazo malkia asingezitazama. Kidani cha harusi hakihitaji karati 23. Punje ya robo karati, ikikatwa vizuri na kushikwa na dhahabu ya Geita, inatosha kabisa kwa bibi harusi wa Shinyanga, na fundi wake anaweza kuandika jina lake kwenye risiti.