Uchangamano wa Sentensi na Kipashio T

Tuanze kwa kuondoa neno "utata". Katika sarufi, sentensi tata ni ile yenye maana zaidi ya moja: "Juma amempigia Ali mpira", je, amempasia au amecheza kwa niaba yake? Kinachopimwa katika insha za wanaojifunza lugha ya pili ni uchangamano, yaani jinsi vishazi vinavyobebana.

Urefu wa sentensi ni kipimo kibovu. Mmarekani Kellogg Hunt, katika utafiti wake wa 1965 juu ya maandishi ya wanafunzi wa darasa la nne, la nane na la kumi na mbili, alikuta wadogo wakiunga mambo kwa "na" tupu hadi nukta inasahaulika. Ukifuata nukta, mtoto wa namna hiyo ataonekana bingwa. Hunt akaikata insha upya: kila kishazi huru pamoja na vishazi tegemezi vyake ni kipande kimoja. Akakipa herufi T, ya neno la Kiingereza "terminable", kwa kuwa ndicho kipande kifupi kabisa kinachoweza kukomea kwa nukta. Nakiita kipashio T, kikae na ndugu zake mofimu, kirai na kishazi.

"Juma alikwenda sokoni na mama yake alibaki nyumbani kwa sababu alikuwa anaumwa." Sentensi moja, vipashio T viwili, vishazi vitatu: wastani wa vishazi 1.5 na maneno 6 kwa kipashio.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa lugha ya pili, Diane Larsen-Freeman akiwamo, walikipokea kipimo hiki, hasa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, hesabu ya maneno inapotosha. Anayeandika "mtoto ambaye alikuja amelala" anampita kwa neno moja aliyeandika "mtoto aliyekuja amelala", ingawa huyu wa pili ndiye aliyemudu o-rejeshi ndani ya kitenzi. Heri kuhesabu vishazi.

Hapo nako kuna -ka-. "Aliamka, akanawa, akaondoka" ni vipashio vitatu au kimoja? Kitenzi cha -ka- huegemea tukio lililotangulia, lakini si tegemezi kama cha -po- au -ki-. Mimi nahesabu vitatu. Anayehesabu kimoja ana hoja, ila atangaze kabla ya kusahihisha, maana insha za masimulizi zimejaa -ka- na uamuzi huo peke yake unaweza kugeuza matokeo ya darasa zima.