Kutoka kamari hadi utumwa wa kibodi

Kazi zimenibana. Lakini juzi kijana niliyesoma naye Embu alinifuata hapa Meru, simu mkononi. "Niangalizie hii, wewe ni mtu wa tarakilishi." Kazi Thailand: kuhudumia wateja, Kiingereza kizuri, kuchapa haraka. Tiketi juu ya kampuni, mahojiano kwa WhatsApp.

Nikamwambia aketi nimpe historia kwanza.

Mambo haya yalitokana na kamari. Sihanoukville, mji wa pwani wa Kambodia, ulijaa kamari za mtandaoni hadi serikali ilipozipiga marufuku mwaka 2019. Kisha ikaja korona, mipaka ikafungwa. Wenye majengo wakabaki na kompyuta, mabweni na intaneti ya kasi, wateja hakuna. Wakageukia utapeli: unamtongoza mtu kwa picha ya wizi, wiki baada ya wiki, halafu unamwingiza kwenye soko bandia la sarafu za kidijitali. Wachina huita kuchinja nguruwe, maana hunenepeshwa kwanza.

Programu yenyewe, niwaambie ukweli, si kitu. Namba zinazopanda kwenye skrini hazijaunganishwa na soko lolote. Ningeiandika wikendi moja. Kigumu ni kupata mtu wa kuchati usiku kucha kwa Kiingereza safi. Ndipo tulipoanza kutafutwa sisi, wenye digrii na hatuna kazi.

Unashuka Bangkok, gari linakupeleka Mae Sot, unavushwa mto Moei hadi Myawaddy, Myanmar. Pasipoti inachukuliwa. Usipofikisha kiwango unapigwa, na ukitaka kuondoka unadaiwa fidia. Novemba 2022 serikali yetu ilitangaza kuokolewa kwa watu zaidi ya 60, wengi wao Wakenya. Kijana mmoja Mkenya alikuwa amefia Myanmar. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba huenda watu 120,000 au zaidi walikuwa wanashikiliwa nchini humo. Februari 2025 Thailand ilikata umeme na mafuta ng'ambo ya mpaka, maelfu wakaachiliwa, Wakenya wakiwemo.

Rafiki yangu alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa huyu anayenichatia mimi, naye amefungiwa?"

Huenda, nikamwambia.

Akapanda matatu ya mwisho ya kurudi Embu. Mahojiano yalikuwa saa tatu usiku. Nilimpigia saa mbili unusu, simu ikawa imezimwa. Asubuhi akaniandikia kwamba ilikuwa imeisha chaji.