Seva Pepe na Mafuriko ya Kasese: Funzo la Kihistoria
Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitangaza VM/370, programu iliyoiwezesha kompyuta moja kufanya kazi kama kompyuta nyingi, ambazo leo tunaziita seva pepe. Tangu hapo swali moja hurudiwa: je, nakala iliyohifadhiwa ndani ya mashine ileile ni akiba? Historia ya Kasese inajibu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, kisha Mei 2020. Mara zote mbili Hospitali ya Kilembe iliathirika. Seva pepe kumi zikitegemea mashine moja bondeni, maji huziangamiza zote kwa pamoja. Hivyo, sera zidai nakala ihifadhiwe mbali na mto huo, kwa mfano Bwera, na urejeshaji wake ujaribiwe kabla ya masika.